Mayai ya Kwenye Nailoni

Kila Jumamosi asubuhi Rezaul Mollah na mkewe Nasreen walikuwa wanaenda Feri kununua samaki, na mimi naenda nao. Siyo kwamba walihitaji wa kuwaonyesha njia. Miaka miwili Dar inamtosha mtu kuijua njia ya samaki, hasa mtu wa Kolkata, maana kwao, alivyokuwa ananieleza Reza, siku ukikosa samaki mezani majirani wanakuja kuuliza nani kafariki. Mimi nilikuwa naenda kwa sababu pale Feri kuna majokofu ya barafu ninayoyahudumia, ndiyo kazi niliyosomea diploma, na kwa sababu kumwangalia Reza ananunua samaki kulikuwa kunanifurahisha kuliko mpira.

Yeye ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki. Mfupi, ana miwani na kitambi cha heshima. Akifika mnadani anavua miwani, anaitia mfukoni, anainama mpaka pua inakaribia kugusa. Anafunua shavu la samaki aone wekundu, anabonyeza tumbo kwa kidole gumba, ananusa, halafu anamrudishia mwenye mali kama mwalimu anayerudisha daftari la mtoto asiyejitahidi. Alikuwa anatafuta jike mwenye mayai. Wateja wengine wakikuta mayai tumboni wanaona wamepunjwa uzito. Reza akikuta mayai, siku yake imekamilika.

Akimaliza kununua anaenda kwa Mgeni. Mgeni anapara samaki kwenye zile meza za zege, na wateja karibu wote wanamwambia cha tumboni atupe. Reza alikuwa ameelewana naye kwamba mayai ya samaki wakubwa asitupe, amwekee kwenye kindoo cheupe, Jumamosi atayapitia. Mara ya kwanza Mgeni alinivuta pembeni akaniuliza yule bwana ana paka wangapi nyumbani. Nikamwambia mmoja tu, ila ana miwani.

Yale mayai Nasreen anayachanganya na unga wa dengu, vitunguu, pilipili mbichi na kotimiri, anakaanga bajia kwa mafuta ya haradali. Wanakaa Kisutu, ghorofa ya tatu, na siku hiyo jengo zima linajua leo Jumamosi. Majirani wa ghorofa ya pili, Wahindi wenzao wa Gujarati wasiokula hata yai la kuku, wanafunga madirisha yote. Na mimi karakana yangu iko palepale chini, kwa hiyo moshi wote wa haradali unanishukia kichwani.

Getini kwao yupo Ignasi, mlinzi, Mnyamwezi wa Sikonge. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, unamwambia mwenzio neno lolote, hata la kifo, na hana ruhusa ya kununa. Ignasi kila asubuhi ananiuliza nimekufa lini na nazikwa saa ngapi. Mimi niliwahi kumpigia simu saa kumi na moja alfajiri nikamwambia mwenye nyumba anakuja kukagua meno ya walinzi, na akapiga mswaki, na akakaa na mdomo wazi getini mpaka saa mbili. Reza aliposikia habari ya utani akaupenda, akasema na yeye aingizwe. Tukampitisha siku ileile. Tangu hapo nikimwambia kitu anakunja jicho moja kwanza.

"Utani?" anauliza.

"Utani," nakubali.

Nasreen ndiye hakuufurahia. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliniambia siku moja, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko changu, kwamba neno ambalo hujui kama ni kweli au siyo kweli linamchosha.

Jumamosi hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Nasreen alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Reza kapata kolekole mzuri lakini dume, na kindoo cheupe cha Mgeni kilikuwa na mayai robo tu, tena madogomadogo. Reza akavaa miwani, akakiangalia tena kile kindoo. Mgeni akaenda bombani kuosha visu.

Mimi na haya macho yangu yanayojifanya yanaona kila kitu, nikaona chini ya meza kuna kipande cha nailoni nyeusi, na juu yake mayai. Vipande viwili vinene, vyeupe vinavyoelekea unjano, vimejaa kweli, vizuri kuliko vyote vya kwenye ndoo. Nikajua Mgeni kamfichia mteja mwingine. Nikainama, nikavizoa kwa mkono, nikavitia kwenye kindoo.

"Mgeni alikuwa anakubania," nikamwambia Reza.

Akakunja jicho, halafu akacheka. Siku hiyo hata Nasreen alicheka. Wakapanda bajaji kwenda Kariakoo kununua mboga, mimi nikabaki na jokofu langu.

Saa nne hivi nilimaliza, nikapita kwa Mgeni kumuaga. Nikamkuta kapiga magoti, anamulika chini ya meza kwa simu. Nikamuuliza kapoteza nini.

"Kuna mayai nilitenga hapa kwenye nailoni," akasema. "Kama ni paka kabeba, basi paka wa watu ameshakufa."

Lazima niseme ukweli, nilicheka. Nikamwambia paka mwenyewe ana miwani.

Mgeni akainuka taratibu. Hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono.

"Haruna," akasema, "yale ya bunju."

Bunju ni yule samaki anayejivimbisha kama mpira ukimchokoza. Pwani hii mtoto anaambiwa habari ya bunju kabla hajajua kuogelea. Wapo watu wachache wanaojua kumsafisha, na wanamla. Asubuhi ile kuna mtu wa Kilwa alikuja na wawili, Mgeni akawapasua, mwenyewe akachukua nyama yake akaondoka. Maini yakazolewa, na mayai Mgeni akayatenga kwenye nailoni akayafukie, maana mayai ndiyo yenye sumu kali. Ukichemsha, ukikaanga, ukichoma, sumu iko palepale.

Nikanusa mkono wangu wa kulia. Sijui kwa nini. Ulinuka samaki tu kama siku zote.

Nikapiga simu ya Reza huku najua sitampata, maana Jumamosi anaiacha nyumbani kwenye droo ili kiwandani wasimsumbue. Nikapiga ya Nasreen. Inaita mpaka inakata. Nikapiga tena. Hiyo pia nilijua sababu yake, ni mimi niliyemfundisha. Nilimwambia Kariakoo simu haishikwi mkononi, iweke chini kabisa ya kikapu, mboga juu yake, na mlio ikiwezekana uzime. Na yeye mtu akimfundisha kitu anakishika.

Nikampigia Ignasi.

"Wale wa ghorofa ya tatu wamesharudi?"

"Bado. Kwani wewe hujafa tu?"

"Sikiliza. Wakifika wazuie hapo hapo getini. Wasipike yale mayai ya samaki, yana sumu."

Halafu nikasikia pumzi yake puani, ile anayocheka bila kufungua mdomo.

"Sumu mmeiweka nyinyi Wazaramo?"

"Ignasi, siyo utani."

"Na utani wako wote unaanzaga hivyohivyo," akasema. "Mimi meno yangu leo safi, nimeshapiga mswaki." Akakata.

Nikapiga tena. Akasema haya, atawaambia wasile, waniachie mimi peke yangu niyamalize, na nikamsikia anamsimulia mtu mwingine pale getini, wanacheka wawili.

Ningeenda Kisutu moja kwa moja, ndiyo karibu. Lakini kulikuwa na Evarista. Evarista anauza mboga mtaa wa nyuma ya soko pale Kariakoo, mama wa Mbamba Bay, kakulia kwenye samaki wa Ziwa Nyasa, na ndiye Mtanzania pekee niliyemjua anayependa yale mayai kama Reza. Kila Jumamosi Reza anamgawia. Na Evarista ana jiko lake la mkaa palepale bandani. Kuna siku nilishawakuta watatu wanakula wamesimama, mafuta yanawachuruzika mpaka kwenye viwiko. Nikaona nikienda Kisutu nitakaa getini, huku Kariakoo watu wawili wameshalamba vidole. Nikapanda bodaboda.

Kijana wa boda aliniuliza kuna nini, nikamwambia kuna mtu anakufa, akasema pole sana mzee wangu, na akakimbia kweli. Tulipita Mnazi Mmoja sijui hata kama taa zilikuwa za kijani. Simu nimeishika sikioni, ya Nasreen inaita, inaita. Nilikuwa naisikia ile sauti ya kuita kama vile iko ndani ya kikapu na mimi niko juu ya mboga siwezi kufukua.

Msimbazi pakatushinda. Mikokoteni, watu na mabegi, gari la kushusha mitumba limeziba njia yote. Nikashuka nikaanza kukimbia, na hapo nikafanya kosa lingine. Kariakoo mtu mzima hakimbii. Anayekimbia kaiba. Sikumaliza hatua kumi, nikasikia mtu nyuma anauliza "huyo vipi huyo", na mkono ukanidaka shati begani. Nikageuka, jamaa mkubwa hivi, anauza viatu, bado kashika kiatu kimoja mkono wa pili. Wengine wawili wakasogea. Nikaona naweza kufia pale, na Reza akafia kwake, na hakuna atakayejua kilichotokea.

"Mnikague," nikamwambia, nikanyanyua mikono. "Sina kitu. Kuna mtu wangu kalishwa sumu, namuwahi."

Akaniangalia. Nadhani jasho langu lilimwambia zaidi ya maneno. Akaachia shati, akasema tembea, mzee, usikimbie, utauawa bure. Nikatembea. Sijawahi kutembea vile. Miguu inataka kuondoka, mimi naishikilia kama mtu anayevuta mbwa. Nasema samahani mama, samahani kaka, naweka na tabasamu usoni ili nionekane mtu mwema.

Evarista alikuwa anafunga mafungu ya mchicha. Jiko lake limewashwa, kikaangio juu yake. Nikaangalia kile kikaangio kabla sijamwangalia yeye. Kilikuwa na vitunguu tu.

"Mayai yako wapi?" nikamuuliza.

"Salamu hamna siku hizi?"

"Evarista, mayai ya Reza, umekula?"

Akainua kifuko cha nailoni kutoka kwenye beseni, akasema anasubiri vitunguu viive, na kama nimekuja kuomba, ningekuja na unga. Nikamnyang'anya. Akanipiga mkononi kwa fungu la mchicha. Nikafungua kile kifuko, nikakuta madogomadogo yale ya kwanza, ya kwenye ndoo. Nikamuuliza makubwa yako wapi, mawili manene.

"Hayo kakataa kugawa," akasema. "Leo Muhindi wetu kawa mchoyo. Kasema hayo mawili anaenda kuyaona mwenyewe na mkewe. Wameondoka kama nusu saa hivi, kwa haraka, anasema mayai mazuri hayalali."

Nikamwambia ni ya bunju. Naye alianza kucheka. Aliniangalia, cheko likamfia mdomoni, akaenda akaondoa kikaangio jikoni ingawa kilikuwa na vitunguu tu.

Boda ya pili nilikuwa nimepanda nimegeukia upande, mguu mmoja unaburuzika. Tulikuwa tumefika karibu na Kisutu, nyuma ya lori la maji, simu ikatetemeka mkononi. Nasreen.

"Shemeji," akasema, "umepiga mara kumi na tisa."

Nyuma yake nilisikia mafuta yanachemka. Ile chwaa ya bajia inayoingia.

"Zima jiko," nikamwambia. "Msile. Shemeji, msile hayo mayai, yana sumu, yale niliyoyatia mimi."

Akageuka akasema kitu kwa Kibengali. Nikamsikia Reza anacheka, kwa mbali, mdomo umejaa. Nasreen akarudi kwenye simu.

"Anasema Ignasi ameshatuambia getini. Anasema nikwambie utani wa leo ni mzuri kuliko wa meno." Halafu akaongeza: "Anakula ya tatu."

Mimi nimechekesha watu maisha yangu yote. Nimechekesha misibani, nimechekesha kwenye foleni ya benki, nilichekesha siku mke wangu Swaumu anajifungua, mpaka muuguzi akanitoa nje. Sijawahi kukosa neno. Pale nyuma ya lori la maji nilitafuta neno moja tu la kumfanya mtu aniamini, nikakuta sina. Nikiapa, nilishaapa kwa utani. Nikipiga kelele, nilishapiga kelele kwa utani. Nikawa napumua tu kwenye simu.

"Haruna," akasema Nasreen. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Kweli au siyo kweli?"

"Kweli."

Nikasikia kitu cha chuma kinaanguka sakafuni. Baadaye nilikikuta, ni kikaangio, aliking'oa jikoni na mafuta yake yote, na yalikuwa yamemuunguza mguu, na hakujua mpaka jioni.

Ngazi za lile jengo ni sitini na mbili. Nilipoingia Reza alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni, Nasreen anamnywesha maji ya chumvi, na beseni liko mapajani. Alishatapika mara moja. Aliponiona alijaribu kukunja lile jicho lake, na jicho halikukunja vizuri.

"Mdomo umelala," akasema. "Kama sindano ya daktari wa meno." Halafu akaongeza, kwa sauti ya kuuliza, "Pilipili?"

Nikamwambia siyo pilipili. Akaangalia vidole vyake, akavisugua kimoja kwa kingine kama mtu anayehesabu kitu. Akasema hata vidole navyo vimelala. Akamgeukia Nasreen akamwambia kitu kifupi kwa lugha yao. Nasreen alimshika kichwa akamwinamisha tena kwenye beseni.

Ignasi alipanda kuangalia kelele. Alisimama mlangoni, na kofia yake ya ulinzi mkononi. Alipiga magoti, akamgeuzia Reza mgongo, akasema "mpande", tukampandisha, akashuka naye ngazi zote sitini na mbili huku miguu ya Reza inapigapiga ukuta. Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi. Yule jirani asiyekula yai alikuwa ameshasimama na ufunguo wa gari mkononi.

Njiani Reza alianza kuongea kama amelewa, maneno yanamteleza. Karibu na hospitali akaacha kuongea. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, na nilikuwa nasikiliza pumzi zake, nazihesabu, naogopa kila moja isije ikawa ndiyo ya mwisho. Zilikuwa fupi, kama mtu anayenyonya kwa mrija uliobanwa. Nikaanza kupumua kwa nguvu mwenyewe, kumsaidia, upuuzi mtupu.

Daktari alikuwa dada mdogo, labda miaka thelathini. Niliposema bunju hakuuliza mara mbili. Wakamwingiza ndani, wakamtia mpira kooni, mashine ikaanza kumpumulia. Alipotoka alituambia pale ukumbini, bila kupamba, kwamba sumu ile haina dawa. Kazi ni kumpumulia mpaka mwili uitoe wenyewe, na wafuatilie moyo. Akivuka mpaka kesho asubuhi, watazungumza. Nasreen akamuuliza wangapi wanavuka kati ya kumi. Daktari akasema akifika kwenye mashine mapema wengi wanavuka. Nasreen akasema hiyo siyo namba. Daktari akasema ndiyo, siyo namba.

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasimama.

"Anasikia kila kitu. Akili yake iko macho kabisa, ila hawezi kusogeza hata kope. Kwa hiyo nendeni mkaongee naye. Msimwache peke yake humo ndani."

Nasreen aliongea naye mchana kutwa. Sikujua anasema nini, ilikuwa sauti ya chini isiyokatika, kama anamsomea mtoto hesabu. Mimi nilikaa ukumbini. Mgeni alipiga simu, nikamwambia bado. Evarista akapiga, bado. Jirani alikuja akaniletea chai, sikuinywa. Ignasi alikuwa amekaa chini karibu na mlango, mgongo ukutani, na tulikaa hivyo masaa, Mzaramo na Mnyamwezi, hakuna aliyemtukana mwenzie.

Ilipokaribia magharibi nikakumbuka Nasreen amefunga. Nikashuka nikanunua maji na tende. Adhana ilipoanza nikamfuata mle ndani nikampa. Alipokea chupa, akaigeuza, akaangalia kizibo kama hakijafunguliwa, ndiyo akakizungusha. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilimwona.

Akanywa nusu. Akaniambia sauti imemwisha, anaenda kuswali, kwa hiyo niongee mimi.

"Mwambie yale unayomwambiaga," akasema. "Ya kuchekesha. Anayapenda."

Akatoka. Nikabaki na Reza. Walikuwa wamemfunga macho kwa plasta laini yasikauke. Kifua kinapanda kinashuka kwa saa ya mashine, siyo kwa saa yake. Mkono wake wa kulia, ule wa kubonyeza samaki, ulikuwa juu ya shuka, kiganja wazi. Nikavuta kiti.

Nikaanza. Nikamwambia Ignasi kambeba ngazi zote, na sasa anadai wasafirishaji wa Kinyamwezi wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo kitambi kitamfilisi. Nikamwambia jirani wa ghorofa ya pili kamkalisha mla samaki kwenye kiti chake cha gari, itabidi akiuze. Sauti yangu ilikuwa inatoka sawasawa. Nikamwambia Mgeni amesema kuanzia Jumamosi ijayo kile kindoo kitakuwa na kufuli. Nikasimama hapo. Nilitaka kusema ufunguo atakaa nao nani, na nikaona ule mkono haujatikisika, na nikajua yuko mle ndani anasikia, gizani, hawezi kunikatisha wala kuniambia ninyamaze, na aliyemweka humo ni mimi kwa mkono huu. Nikasema "Reza bhai", kaka Reza kwa lugha yao. Nililia kama mtoto, kwa sauti, mpaka muuguzi akaja akaniwekea mkono begani.

Usiku wakatutoa wote isipokuwa Nasreen. Jumapili saa tatu asubuhi akanipigia. Nilipoona jina lake kwenye simu nilikaa chini kwanza, palepale kizingitini, Swaumu amesimama juu yangu. Nasreen akasema kidole gumba cha mkono wa kushoto kimesogea. Akasema ameuliza daktari, na daktari amesema hiyo ni dalili nzuri, na yeye amemwomba aseme tena.

Jumatatu wakatoa mpira. Nilienda mchana. Reza alikuwa ameegemea mito, amepungua, ndevu zimemtoka nyeupe ambazo sikujua kama anazo. Nasreen alikuwa kando, mguu umefungwa bandeji, ana bakuli la uji. Nikasimama mlangoni. Reza akaniashiria nisogee. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu, ikabidi niiname.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Juzi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kabla hujaja sikuogopa. Nilisema, Haruna akija, atasema ni utani." Akapumzika, akavuta pumzi, yake mwenyewe. "Ukaanza. Nikafurahi. Halafu ukalia. Hapo ndiyo nikaogopa."

Nilitaka kumwomba msamaha nikakuta maneno yote niliyonayo ni yaleyale ninayochekeshea. Nikamshika mguu juu ya shuka, nikaukamata hivyo.

Nasreen alikuwa ananiangalia. Muda mrefu, kama anakagua jibu la mwanafunzi, anatafuta lilipokosewa. Halafu akanyoosha mkono na lile bakuli.

"Mlishe wewe," akasema. "Mimi nina siku mbili sijalala."

Nikapokea. Uji ulikuwa wa mchele, vuguvugu, una sukari kidogo. Reza akafungua mdomo. Mimi nikachota kijiko cha kwanza, nikakipeleka kwangu, nikameza, nikasubiri kidogo kusikia kama midomo yangu italala. Ndiyo nikachota cha pili, nikampa.